Msokota kamba wa Ngamiani na swali la zamani kuliko Injili

Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto wa Nehemia Shemweta hakifanyi kazi. Kimevishwa kitambaa cha pamba na kufungwa uzi. Vidole vingine vyote vinahangaika na singa za mkonge, chenyewe kimekaa pembeni kama mgeni wa heshima.

"Hiki ni msomi," anasema, akikiinua juu. "Nikikiachia kwenye mkonge kitaota sugu. Kikiota sugu, mimi sina kitabu tena."

Ni asubuhi, kwenye baraza la nyumba ya barabara ya kumi na nne, Ngamiani, mjini Tanga. Nehemia ameketi chini, mguu mmoja ameunyoosha, ncha ya kamba ameibana kwa kidole gumba cha mguu. Anasokota. Kamba inarefuka, inapita juu ya goti, inajikunja nyuma yake kama kitu chenye uhai. Baiskeli zinapita, wenyewe wanagonga kengele, naye anawaitikia kwa majina kabla hawajafungua kinywa. Kila kengele anaijua mlio wake.

Ana miaka hamsini na minane. Tangu alipokuwa na miaka minne hajaona mwanga.

Chai inapochemka, Mwatumu Uweso anaweka chini kitana chake cha misumari. Yeye ni mjane wa Kidigo, na kazi yake barazani hapo ni kuchana singa ili Nehemia asokote. Anamimina chai ya tangawizi. Nehemia ananawa, anajipaka mafuta ya nazi viganjani, anakifungua kile kidole. Kisha anapakata kitabu kinene mithili ya mto wa kulalia, ambacho kurasa zake hazina hata tone la wino.

"Leo tuko wapi?" Mwatumu anauliza.

"Kwenye bahari ya kioo," Nehemia anamjibu.

Kitabu hicho ni Ufunuo, kimeandikwa kwa nukta nundu, yale maandishi ya vinundu ambayo wasioona huyasoma kwa kugusa. Biblia nzima ikiandikwa hivyo hujaza rafu ya ukuta. Nehemia anazo juzuu chache tu, nyingine zimechanika.

"Siku ya kwanza aliponitajia juzuu nilicheka," anasimulia Mwatumu. "Nikamwambia, kumbe na nyie mna juzuu!"

Wanaomsikiliza hubadilika kila siku. Leo yupo fundi cherehani wa nyumba ya pili, yupo muuza mkaa, yupo mama wa vitumbua ambaye ameviacha vipoe. Wakristo kwa Waislamu. Kwa Mwatumu hilo si jambo la kushangaza. "Na sisi tunamngoja Nabii Isa ashuke," anasema. "Yajuja na Majuja tunawajua, Dajali tunamjua. Akisoma habari za mwisho wa dunia, mimi simsikilizi kama mpita njia. Nasikiliza kama mtu aliyesikia habari hiyo hiyo kwa jirani mwingine."

Nehemia mwenyewe aliwahi kukichukia kitabu hicho.

"Kila baada ya maneno kidogo kinasema, nikaona. Nikaona, kisha nikaona tena. Nilipokuwa kijana kiliniuma sana. Nikasema, huyu Yohana ananisimanga. Rangi mimi nakumbuka moja tu, nyekundu, kwa sababu mama alikuwa na kanga nyekundu. Sasa Yohana akisema joka ni jekundu, kwangu mimi joka limevaa kanga ya mama. Linashindwa kunitisha."

Baraza zima linacheka. Yeye hacheki sana. Uso wake umeelekea barabarani, na kile kidole kinatembea juu ya ukurasa taratibu, kama mtu anayepapasa paji la mtoto mwenye homa.

*

Nehemia alizaliwa kambini, katika shamba la mkonge lililo njia ya kwenda Muheza. Baba yake aliteremka kutoka milima ya Lushoto akiwa kijana, akaja kukata majani ya mkonge na hakurudi tena juu. Walikuwa Walutheri, na Jumapili walisali kwenye banda la stoo la shamba, miongoni mwa marobota ya singa.

Surua ilipoingia kambini iliwapata watoto wengi. Wengine ilipita nao. Nehemia ilimwachia uhai, ikaondoka na macho.

Aliyemlea zaidi ni dada yake, Bertha, aliyemzidi miaka mitano. Ndiye aliyemshika mkono kwenda kisimani, akimweleza kila kitu njiani: hapa pana jiwe, hapa pana mjusi anatuangalia, hapa mkonge umetoa ua. Baba alipompeleka shule ya wasioona, Bertha alilia kuliko mama. Huko shuleni ndiko Nehemia alikojifunza mambo mawili yaliyomlisha maisha yake yote, kusokota kamba na kusoma kwa kidole.

"Mwalimu alituambia tuchague, mikono ya kazi au mikono ya kusoma," anakumbuka. "Mimi nikamuuliza, kwani vidole vimezaliwa kumi vya nini?"

Bertha naye alihamia mjini, akapanga chumba Usagara, akawa anapika chakula cha wafanyakazi wa gereji. Alijaliwa mtoto mmoja tu, Daniel. Kijana huyo alikuwa fundi baiskeli mwenye kupenda kuimba. Akiwa na miaka kumi na tisa aligongwa na lori kwenye barabara ya Horohoro, akafa kabla ya kufikishwa hospitali.

Tangu siku hiyo, majirani wanasema, Bertha aliacha kuongea kwa sauti. Kisukari alichokuwa nacho kilizidi, akaanza kujidunga sindano kila siku. Dawa aliihifadhi kwenye chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga wa maji, kwa kuwa jokofu hana.

*

Mwaka juzi alifika mhubiri mmoja. Hakuwa na kanisa. Alikuwa na spika mbili na sauti ya kuvuta watu, akahubiri kwenye uwanja wa mpira nje ya mji. Alisema amefunuliwa siku yenyewe. Akaitaja: Jumapili fulani, mwishoni mwa masika. Watakaokuwa uwanjani usiku huo watanyakuliwa kwa Bwana, watakaokuwa majumbani wataachwa.

Watu waliuza mbuzi. Mama mmoja aliuza cherehani. Mhubiri akaongeza kwamba mwenye kuweka akiba ya unga, au ya dawa, anaonyesha kwa vitendo kwamba hasadiki.

Bertha alikuwa akienda kila jioni.

Nehemia anasema aligundua kwa pua. "Nilikwenda kumsalimia. Nikasema, shikamoo dada. Akaitikia marahaba, na pumzi yake ilikuwa inanuka kama ndizi iliyoiva ikapitiliza. Ulimi ulikuwa mzito. Nikajua kuna jambo."

Alipapasa mpaka kwenye kona ya vyungu. Mchanga ulikuwa mkavu. Chungu cha ndani kilikuwa kitupu.

"Dada, dawa iko wapi?"

"Nimeitupa."

"Umeitupa?"

"Nehe, usinifokee. Zimebaki siku chache tu. Nataka nikamwone mwanangu. Nikiwa na dawa nitahesabiwa sikuamini, nitaachwa. Nikiachwa nitamwona wapi tena Daniel?"

Nehemia alikaa chini pale sakafuni. Alimsihi waende hospitali, Bertha akakataa. Mwatumu, aliyekuwa amemsindikiza, akasema wambebe kwa nguvu, wataombana radhi baadaye. Lakini Nehemia alisikia dada yake akianza kulia, kilio cha chini kabisa, kisha likatoka lile neno lililombadilishia maisha.

"Nilimuuliza yule mhubiri," Bertha alisema. "Nilimuuliza, na wale waliokwisha kufa? Mwanangu alikufa kabla ya hiyo siku. Itampita? Ataikosa? Akaniambia, mama, wewe hangaika na walio hai. Nehe, wewe unasoma. Niambie. Daniel ameikosa?"

Nehemia anakiri bila aibu. Alisoma Ufunuo miaka nenda miaka rudi, anazijua tarumbeta zote na farasi wote, lakini swali la mama aliyefiwa hakuwahi kuliwaza.

*

Aliondoka moja kwa moja mpaka kwa mchungaji wake, Asheri Mntambo, ambaye kwa umri ni kama mwanawe. Alimkuta akirekebisha bomba la maji nyuma ya kanisa.

"Shikamoo, mzee Nehemia."

"Marahaba, baba mchungaji. Nina swali, nalo lina haraka."

Akamweleza yote. Mchungaji aliacha bomba likivuja.

"Mzee," alisema, "swali la dada Bertha ni la zamani sana. Pengine ndilo la zamani kuliko yote ya Wakristo tuliyo nayo katika maandishi."

Nehemia alidhani amesikia vibaya.

Mchungaji akamketisha, akamweleza pole pole. Watu wengi hudhani Injili ndizo zilizotangulia kuandikwa kwa kuwa ndizo zilizotangulizwa kwenye kitabu. Lakini wasomi wengi wanaona kwamba zilitanguliwa na barua. Na katika barua hizo, inayodhaniwa na wengi kuwa ya kwanza kabisa ni ile ambayo Paulo aliwaandikia Wathesalonike, miaka ishirini hivi baada ya Yesu kusulubiwa. Thesalonike ni mji wa bandari, kama Tanga. Waumini wa pale walimngojea Bwana arudi wakati wowote, siku zikapita, na wenzao wakaanza kufa. Basi waliobaki wakaingiwa na huzuni: hawa waliotutoka, je, watakuwa wameikosa ile siku?

"Nywele zilinisimama," Nehemia anasema. "Nilihisi kama ukuta umetobolewa, upande wa pili nikasikia watu wanaongea, na wanaongea habari za nyumbani kwetu."

Alimuuliza mchungaji jambo jingine, lile lililowatia hofu wengi uwanjani, hesabu ya mnyama, mia sita sitini na sita. Mhubiri aliitumia kuwaogofya watu wasijiandikishe vitambulisho. Mchungaji akamwambia kwamba hata hiyo, katika nakala chache za kale sana, imeandikwa mia sita na kumi na sita, na kwamba wanazuoni wa kale walikwisha kubishana juu yake.

"Ipi ndiyo?" Nehemia aliuliza.

"Wengi wanaifuata ya kwanza. Kwa uhakika wote, mzee wangu, mimi sijui. Waliinakili kwa mkono, mtu na mtu, taa na taa."

Jibu hilo lingeweza kumvunja mtu moyo. Nehemia lilimwinua. Anachukua kipande cha karatasi ngumu na kuonyesha: sita kwa nukta nundu ni vinundu vitatu, moja ni kinundu kimoja. "Juzuu ikizeeka, vinundu viwili vikisagika, sita inageuka moja mkononi mwako. Naijua shida hiyo. Sasa fikiria, maneno haya yamepita mikono mingapi, kwa karne ngapi, mikono iliyochoka, mikono yenye baridi, mpaka yakafika kwangu mimi, mtoto wa kambini. Wewe huoni ni ajabu?"

*

Juzuu yenye barua ile hakuwa nayo. Mchungaji akapiga simu Korogwe, kwa Castory, rafiki wa Nehemia wa tangu shuleni, ambaye sasa anafundisha watoto wasioona. Castory hakuuliza maswali mengi. Aliifunga juzuu kwenye kanga na kumkabidhi kondakta wa basi, na kesho yake asubuhi ilikuwa Usagara.

Bertha alikuwa amezidiwa. Mdomo umemkauka, anaomba maji kila mara, akiinuka anapepesuka. Mwatumu alikuwa amelala naye, akimpangusa uso kwa kitambaa cha maji.

Nehemia aliketi kando ya kitanda, akakifungua kidole chake.

Alianza mwanzo wa barua. Hakuruka. Alisoma Paulo akiwakumbusha jinsi alivyofanya kazi kwa mikono yake akiwa kwao, asimlemee mtu, na Mwatumu akauliza kazi gani. "Alikuwa fundi wa mahema," Nehemia alimjibu. "Mahema yana kamba. Kuna mwenzangu alimsokotea." Bertha alitabasamu kidogo, tabasamu la kwanza kwa siku nyingi.

Alifika sura ya nne. Pale Paulo anawaambia watulie, washughulike na mambo yao, wafanye kazi kwa mikono yao. Na palepale, kabla mtu hajavuta pumzi, barua inageukia waliolala mauti. Wasihuzunike kama watu wasio na matumaini. Walio hai hawatawatangulia waliokufa. Waliokufa ndio watakaofufuliwa kwanza.

Kidole kilisimama.

"Rudia hapo," Bertha alisema.

Alirudia.

"Kwanza?"

"Kwanza, dada."

"Kwa hiyo Daniel hajachelewa. Mimi ndiye nitakayemkuta."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Nje mtu alikuwa anapita akinadi samaki. Bertha alimshika mdogo wake mkono, ule wenye kidole kilichofunguliwa, akasema kwa sauti ambayo Mwatumu anasema hajawahi kuisikia, si ya mgonjwa wala ya mtu mwenye huzuni, ila ya mtu aliyepigwa na bumbuwazi.

"Kumbe huko Thesalonike kulikuwa na mama mwingine aliyefiwa. Akauliza kama mimi. Na akajibiwa."

Kisha akauliza kama barua inataja tarehe. Nehemia alisoma mbele kidogo, pale inaposemwa kwamba siku ile itakuja kama mwizi.

"Basi yule bwana uwanjani ameijulia wapi?" Bertha alisema. "Nipelekeni hospitali."

Walimlaza siku kadhaa. Daktari aliwaambia wangechelewa kidogo tu, habari ingekuwa nyingine.

*

Jumapili iliyotajwa ilifika Bertha akiwa amerudi chumbani kwake. Usiku ule mvua ilinyesha. Kulipokucha, wale waliokesha uwanjani walianza kurejea mjini kwa miguu, nguo zimelowa, mikeka vichwani, watoto migongoni. Hawakutazamana. Mhubiri na spika zake hakuonekana tena.

Njiani vijana walianza kuwazomea.

Nehemia aliwasikia tangu mbali. Alisimama barazani kwake, mtu ambaye kwa kawaida hapazi sauti, akapaza. "Asicheke mtu! Hawa walikwenda kumngoja wanayempenda. Kuna ubaya gani?"

Mwatumu alikwisha bandika sufuria kubwa la chai. Waliopita barabara ile waliketi kwenye marobota ya singa, wakanywa wakitetemeka, na yule mama aliyeuza cherehani akalia mpaka kikombe kikamponyoka.

Wengine walirudi barazani siku zilizofuata. Mmoja wao ni yule fundi cherehani wa nyumba ya pili, mume wa mama huyo, ambaye sasa anashonea watu kwa mashine ya kukodi. Aliulizwa anachokifuata hapo. "Kule tulikuwa tunapigiwa kelele," alisema. "Hapa tunasomewa. Na akifika mahali asipopajua anasema hapajui."

Mchungaji Asheri naye hupita mara moja moja. Ndiye aliyewaambia kwamba mwanzoni watu wachache tu walijua kusoma. Mmoja alisimama na kusoma kwa sauti, wote waliobaki wakasikiliza, na ndiyo maana Ufunuo unaanza kwa kumwita heri anayesoma na wale wanaosikia.

"Basi wale wa kwanza wote walikuwa kama mimi," Nehemia alisema. "Hawakuuona ukurasa. Yohana anasema nikaona, nao wanaona kwa masikio."

Lipo jambo moja analolitamani. Amesikia kwamba vipande vya nakala za kale kabisa vimehifadhiwa ng'ambo, vingine havizidi kiganja. Angependa kukigusa kimoja. Anajua hawatamruhusu. Anajua pia kwamba wino hauna nundu, na kidole chake kisingesikia hata herufi moja. "Ningekigusa hivyo hivyo," anasema. "Mtu huwezi kumgusa babu yako bila kukielewa Kigiriki chake? Utamgusa tu."

Bertha anajidunga sindano yake kila siku, na vile vyungu viwili vina mchanga mbichi. Lakini kisukari kimeanza kumla macho. Daktari amemwambia ukweli: jicho la kulia limekwisha, la kushoto linafifia.

Hakulia. Alimwendea mdogo wake na kumwambia amfundishe.

Sasa kila alasiri, kazi ikishatulia, huketi bega kwa bega barazani. Nehemia huushika mkono wa dada yake na kuuongoza juu ya vinundu, akimweleza kilichopo mbele: hapa ni herufi a, hapa pana nafasi, hapa neno limekwisha. Bertha hukosea, hukasirika, huanza upya. Vidole vyake vimeungua miaka mingi na masufuria, vinasikia kwa taabu. Amekwisha kuzijua herufi zote. Maneno mafupi anayasoma.

Ana mpango, na hajamficha mtu. Masika ijayo, siku ya kumbukumbu ya Daniel, atakwenda makaburini na ile juzuu ya Korogwe, atakaa chini, na atasoma sura ya nne yote.

"Nehe atakuwepo, Mwatumu atakuwepo," anasema. "Lakini asinisaidie mtu, hata nikikwama neno moja mpaka jua linazama. Nataka Daniel anisikie mimi."